Jembe na Bamba: Tarehe ya Kulima Njia katika Nchi ya Kindu

Theluji haijapata kuanguka Kindu, wala hapana mzee yeyote kando ya mto Lualaba awezaye kusimulia kwamba babu yake aliamka alfajiri akaikuta njia imefunikwa na weupe; hata hivyo ile kazi ambayo mkulima wa Quebec au wa Uswisi huifanya kila mwaka kabla ya majira ya baridi, ya kuchagua bamba la chuma lenye upana unaofaa na kulifunga mbele ya trekta lake dogo ili aifungue asubuhi njia iliyofungwa usiku, watu wa Maniema wanaijua kwa jina jingine na kwa taabu nyingine, maadamu kwao kinachoifunga njia ni tope, na nyasi, na mti ulioanguka, na udongo uliotelemka kutoka ubavuni mwa kilima baada ya mvua ya siku tatu. Kazi hiyo huiita kulima barabara, kwa neno lile lile la shambani, na katika neno hilo mna tarehe nzima.

Katika nchi nyingi za dunia bamba la kusafishia njia lilirithi kazi ya mnyama: farasi, nyumbu au ng'ombe alilikokota kwanza, kisha injini ikaja ikamvua nira. Maniema hapakuwa na mnyama wa kuvuliwa nira. Mbung'o aletaye ndorobo aliwazuia ng'ombe na farasi wasistawi katika misitu na mabonde ya Lualaba, basi plau ya kukokotwa na maksai haikuota mizizi huko, wala mkokoteni wa punda. Trekta lilipofika, aliyetuliwa mzigo alikuwa binadamu. Na trekta lilipokufa, aliyerudishwa mzigoni alikuwa binadamu yule yule. Msomaji asiyelikumbuka hili ataziona barabara za Kindu kama orodha tu ya mashine zilizokuja na kuondoka.

Kabla ya dola ya Wazungu njia za nchi ile zilikuwa za mtu mmoja nyuma ya mwenziwe. Waungwana wa pwani, waliofika Nyangwe na Kasongo kwa ajili ya pembe na watumwa, wakapanda mpunga na kuacha nyuma yao lugha ambayo mpaka leo inasemwa katika soko la Kindu, hawakujenga barabara hata moja kwa maana tunayoijua sisi, kwa sababu bidhaa zao zilikwenda juu ya vichwa na mabega, na kichwa cha mpagazi hakihitaji nafasi kubwa kuliko upana wa mpagazi mwenyewe. Nyayo ndizo zilizoilima njia. Misafara ikiwa mingi, njia ilikuwa safi. Misafara ikipungua, majani yaliirudia kabla ya mwaka kwisha, na waliokuja baadaye walipita kwingine pasipo majuto. Livingstone alipofika Nyangwe mwishoni mwa mwezi wa Machi 1871 alikuwa amepitia njia za namna hiyo, katika maji na majani marefu, na mwili wake ulikwisha kudhoofika sana.

Mwaka 1876 likatokea jambo jipya. Stanley, aliyekuwa amepatana na Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, wafuatane kuelekea kaskazini, aliondoka Nyangwe tarehe 5 Novemba akiwa na mashua iliyokatwa vipande, jina lake Lady Alice, na vipande vile vilikuwa vipana kuliko mtu. Msitu ulioikubali miguu ya wapagazi uliikataa mashua. Ikawa sharti watu wenye mashoka watangulie, wakate mizizi na vigogo, waipanue njia kwa kadiri ya chombo, huku matone ya ukungu yakiwadondokea kutoka majani ya juu na wenye mashua wakifika kituoni wa mwisho kila jioni. Tarehe 19 Novemba wakaufikia mto, mashua ikaungwa, na muda mfupi baadaye ikayapita maji ambayo kandoni mwake Kindu ya leo imesimama. Tippu Tip mwenyewe ameitaja safari hiyo katika Maisha yake, aliyoyaeleza kwa Kiswahili, naye haoni fahari yoyote katika ule ufyekaji. Mimi nauhesabu kuwa mwanzo: hapo ndipo njia katika Maniema ilipopimwa kwa mara ya kwanza kwa upana wa chombo, na mwanadamu akatakiwa aifanye ifanane nacho.

Miaka michache baada ya hapo, upande wa chini wa mto Kongo, Stanley huyo huyo alikuwa akiwavunjisha watu miamba ili apitishe meli zake zilizokatwa vipande, wenyeji wakampa jina la Bula Matari, mvunja mawe. Jina likavuka kutoka kwa mtu likaishika serikali nzima ya Wazungu, likafika na mashariki, hata mtu wa Maniema aliyekuwa hajapata kumwona Stanley akasema Bula Matari ameamuru hivi, Bula Matari anataka kodi. Sijui dola nyingine iliyopewa na raia wake jina litokanalo na kazi ya barabara, na nadhani walioitoa lakabu ile walifahamu mapema kuliko wanasheria wa Brussels serikali hii itakula nini.

Vita vya serikali hiyo vya 1892 mpaka 1894 viliwatoa Waarabu na Waungwana katika utawala; Nyangwe ikatekwa mwezi wa Machi 1893, Kasongo mwezi wa Aprili. Yaliyotendeka yameandikwa mahali pengi, nami nayapita.

Kindu yenyewe ni mtoto wa reli. Mwaka 1902 iliundwa kampuni ya reli za Kongo ya Juu na Maziwa Makuu, chini ya tajiri wa Kibelgiji aitwaye Édouard Empain, kwa azma ya kuyaruka maporomoko ya Lualaba: pale mto unapokubali meli, meli ipite, na pale unapokataa, reli ipite. Kipande cha kwanza, cha kilomita 125 hivi kutoka Stanleyville hadi Ponthierville, ambazo leo ni Kisangani na Ubundu, kilifunguliwa mwaka 1906. Kutoka Ponthierville meli zilipanda mto kiasi cha kilomita 300 hadi mahali ambapo maji hukoma kuwa mapole, na hapo, ukingo wa kushoto, ikajengwa stesheni, na gati, na karakana, na nyumba za makarani, ndiyo Kindu, iliyoitwa kwa muda mrefu Kindu-Port-Empain. Reli ya kilomita 355 kutoka hapo hadi Kongolo ilikamilika mwishoni mwa mwaka 1910. Mji ukawa mlango: kila kilichoingia Maniema, kuanzia chumvi mpaka chuma, kilipita hapo. Kisha kikashuka garini na kukutana na ardhi tupu.

Pamba ndiyo iliyoilazimisha ardhi hiyo kuwa barabara. Majaribio ya kilimo chake yalifanywa Maniema wakati wa Vita Kuu ya kwanza, na tangu mwaka 1917 kupanda pamba kukawa amri. Kila mwanamume akapimiwa shamba lake. Sasa pamba ni nyepesi kwa uzani na kubwa kwa umbo, na mpagazi mmoja huchukua kidogo tena huchoka. Kwa hiyo serikali ilitaka malori, na malori yalitaka njia zenye upana wa mita kadhaa, zenye mifereji, zenye madaraja ya magogo. Vijiji vilivyokuwa vimejificha msituni kwa busara ya miaka mingi vikaamriwa vihame, vijipange kando ya barabara, mlango ukielekea njiani, mtozaji wa kodi avione pasipo kushuka garini. Wakusu, Wasongola, Walega, Wazimba, Wabangubangu, kila kabila kwa eneo lake, wakajikuta wanakaa mbele ya kazi yao.

Na kazi ilikuwa hii. Kila kijiji kilipewa kipande cha barabara, na katika kila kipande walikuwapo watu ambao Wafaransa huwaita cantonniers, ndimi za wenyeji zikawafanya makantonye. Juu yao alisimama kapita, na juu ya kapita chifu, na juu ya chifu bwana mkubwa aliyekuja na gari akiitazama barabara kwa jicho la mtu anayetikiswa. Ala zao zilikuwa jembe, panga, sepetu na kikapu. Walikata majani ya kandoni, maana kivuli huizuia njia isikauke, walizibua mifereji, walichota udongo mwekundu wa changarawe shimoni, wakaubeba kwa vikapu, wakaumwaga katika mashimo, wakaupiga kwa vigogo mpaka ukashika. Mvua ilipokunya usiku mmoja, nusu ya udongo ule ulirudi mtaroni, nao wakarudi kuuchota. Amri ya tarehe 5 Desemba 1933 iliweka hisabu ya siku 60 kwa mwaka ambazo mtu wa kijijini angetakiwa kuzitoa kwa kazi za lazima, pamoja na mashamba ya lazima. Na mwaka 1942, Wajapani walipokwisha kuiteka Malaya na nchi za washirika zikawa zinalilia mpira na bati, na bati la Maniema, la Kalima na la migodi mingineyo, likawa na thamani ghafla, siku hizo zikaongezwa zikawa 120. Theluthi ya mwaka! Mtu akitoa na siku za mvua ambazo jembe haliingii, na siku za ugonjwa, na siku za kulima chakula chake mwenyewe, hastaajabu kusikia kwamba vijana waliukimbilia mgodi, au reli, au Kindu mjini, ambako angalau kazi ilikuwa na ijara na jioni yake.

Ulikuwapo pia utaratibu mmoja ambao sina budi kuusifu, pamoja na ubaya wa zama zile: kizuizi cha mvua. Mti mrefu uliwekwa kukingama barabara, ukiwa na mlinzi wake, na mvua kubwa iliponyesha mti huo ulishushwa na lori lolote lisipite kwa saa kadhaa, mpaka uso wa njia ukauke. Wenye magari walinung'unika. Lakini lori moja lenye tani tano likipita katika udongo uliolowa huacha mifuo miwili, na mifuo huwa mito midogo, na mito hiyo kwa usiku mmoja huharibu kazi ya watu thelathini ya wiki nzima, kwa hiyo mti ule mmoja ulikuwa sawa na kikosi cha majembe. Mara nyingi huwa najiuliza kwa nini ala rahisi kuliko zote ndiyo inayoachwa upesi kuliko zote.

Wakati makantonye wanachota kwa vikapu, Marekani watu walikuwa wamekwisha kuihamisha kazi hiyo mara mbili. J. D. Adams wa jimbo la Indiana alibuni mwaka 1885 greda ya kukokotwa na farasi, ambayo magurudumu yake yaliinama ili yaweze kuustahimili msukumo wa udongo upande mmoja. Mwaka 1920 hivi kampuni ya Russell ya Minnesota ikalichukua trekta dogo la Allis-Chalmers, ikaliunganisha na fremu ya greda, farasi wakaenda zao. Mwaka 1923, katika mji mdogo wa Morrowville, Kansas, mkulima aitwaye James Cummings na mchora ramani J. Earl McLeod walilifunga bamba mbele ya trekta ili kufukia handaki la mabomba ya mafuta, na hapo ndipo lilipopatikana lile jembe la mbele ambalo Waswahili, kwa kufuata jina la kampuni iliyoliuza sana, huliita katapila. Kampuni hiyo ya Caterpillar iliinunua Russell mwaka 1928, na mwaka 1931 ikatoa greda iliyoumbwa tangu mwanzo kuwa kitu kimoja, injini nyuma, bamba katikati, magurudumu ya kuongozea mbali mbele. Mwaka 1939 Harry Ferguson, mtu wa Ireland, akishirikiana na Henry Ford, akaleta trekta dogo lenye mikono mitatu ya kufungia ala nyuma, inayoinuliwa kwa nguvu ya mafuta. Tangu hapo mkulima mwenye trekta moja aliweza kufunga plau asubuhi na bamba jioni.

Niruhusiwe kukaa kidogo katika jambo la kufunga, kwa kuwa wengi hudhani bamba ni bamba, na mahali linapofungwa ni shauri la bolti tu. Mtu wa nchi ya theluji hulifunga mbele, naye ana sababu: akilifunga nyuma, magurudumu yatatangulia kuikanyaga theluji na kuishindilia, ikawa barafu isiyong'oleka. Tena theluji ni adui wa kutupwa. Huigeuza pembe ya bamba, ikamwagika kando, na asubuhi inayofuata mbingu zitaleta nyingine bila ya kuombwa. Huweka na viatu vya chuma chini ya bamba, ili liteleze juu ya ardhi lisiikwangue. Mtu wa Kindu hawezi kuiga hayo yote. Udongo wake ni mali. Changarawe ile nyekundu ililetwa kwa mikono kutoka shimoni, na ikitupwa mtaroni kila mara ya kusafisha, miaka mitatu haipiti kabla barabara haijawa chini kuliko mashamba yake, nayo itakuwa mto. Bamba la Kindu halina budi kuusaka udongo uliotoroka ukingoni na kuurudisha katikati, ufanye tuta refu, kisha katika safari ya pili lilitandaze tuta hilo ili barabara iwe na mgongo, ikishuka sentimita nne au tano kwa kila mita moja kutoka katikati kwenda kando. Maji yakiona mgongo, huondoka. Yakiona bonde, huketi.

Kwa kazi ya namna hiyo, bamba lililo mbele ya magurudumu ni mtumishi asiyetii. Gurudumu la mbele likipanda kinundu, bamba huinuka zaidi ya kinundu chenyewe na kuacha kingine. Gurudumu likishuka shimoni, bamba huchimba. Lililo nyuma ya magurudumu hufanya yale yale kwa kinyume. Lililo katikati, baina ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, hupata nusu tu ya kila mtikisiko, na hiyo ndiyo siri ya greda na sababu ya urefu wake unaochekesha. Mwenye trekta dogo, ambaye hana katikati ya kufungia kitu, hana budi kuchagua kasoro anayoweza kuishi nayo: mbele, kama shida yake ni udongo ulioporomoka na matawi, nyuma, kama shida yake ni mgongo wa njia uliolala, na hapo aende polepole, arudie mara tatu au nne.

Upana nao una hisabu yake. Bamba la mita 1.8, likigeuzwa pembe ya nyuzi 30 ili limwage kando, halisafishi tena mita 1.8, linabakiwa na mita 1.56 hivi, na kama magurudumu ya nyuma yanashika mita 1.5 nje kwa nje, basi umebaki upana wa vidole viwili vitatu kila upande, na dereva mwenye usingizi ataukanyaga udongo aliotoka kuusawazisha. Lakini bamba pana mno nalo huilemea injini ndogo na kuuinua uzito kutoka magurudumu ya nyuma, yakazunguka bure topeni. Dawa yake ni kuweka uzito nyuma, sanduku la mawe au la saruji, na kuyajaza maji magurudumu kiasi cha robo tatu. Hapa mtu wa Kindu ana nafuu asiyoijua: yule wa Quebec hutia chumvi maalumu ili maji yasigande, ilhali maji ya Lualaba huingia kama yalivyo. Naye lazima aangalie kama bamba lina springi za kulikunja linapogonga kitu kigumu, kwa maana chini ya nyasi za Maniema kuna visiki, na kisiki hakipindi.

Mwisho, ule ukingo. Chini ya kila bamba hufungwa ukanda wa chuma kigumu kwa bolti zenye kichwa bapa, na huo ndio unaokula ardhi na kuliwa nayo. Ukiisha upande mmoja hugeuzwa, ukiisha pande zote mbili hununuliwa mwingine. Asiyeununua huendelea kwa siku chache akijisifu kwa kubana matumizi, mpaka chuma laini cha bamba lenyewe kinapoanza kuliwa, na hapo gharama si ya ukanda tena.

Nimelitaja hili kwa sababu ukanda huo, na bolti zake, na mpira wa pampu ya mafuta, vilifika Kindu kwa njia mbili, zote ndefu. Ya magharibi ilianzia Matadi, ikapanda reli ya kilomita 366 hadi mji mkuu, ikapanda meli karibu kilomita 1,700 hadi Stanleyville, ikashuka, ikapanda reli hadi Ponthierville, ikashuka, ikapanda meli tena. Ya mashariki ilianzia Dar es Salaam, katika bandari ambayo Wabelgiji walipewa na Waingereza, kwa mapatano ya mwaka 1921, eneo lao wenyewe pale na jingine Kigoma, maarufu kwa jina la Belbase, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Mzigo ukaenda kwa garimoshi hadi Kigoma, ukavuka Tanganyika hadi Albertville, ambayo sasa ni Kalemie, ukapita Kabalo na Kongolo, ukafika. Mwaka 1956 reli ya Maziwa Makuu iliunganishwa na ile ya Katanga, ikawa ya tatu. Palipokuwa na saa sahihi za treni na makarani wasiolala, bolti moja iliweza kungojwa.

Katika Mpango wa Miaka Kumi uliotangazwa mwaka 1949, serikali ya kikoloni ilitenga fungu kubwa la fedha kwa usafiri, na katika miaka ile makatapila na greda yaliongezeka katika Kongo. Wengine huandika kana kwamba huo ulikuwa ukarimu. Mimi huona kwamba mkono wa kijiji ulikuwa umepungua: migodi ya bati, ambayo kampuni ya Symétain iliyoundwa mwaka 1932 ilikuwa mojawapo ya wenyewe, na reli, na miji, viliwavuta wanaume kwa ijara, na siku za lazima zilikwisha kuwa aibu mbele ya mataifa. Mashine ilinunuliwa pale shuruti ilipokuwa ghali.

Kisha uhuru wa 1960, na baada ya uhuru misukosuko ambayo Kindu iliionja kwa ukali usio na kifani. Novemba 1961 wanaanga 13 wa Kiitalia waliokuwa katika utumishi wa Umoja wa Mataifa waliuawa hapo. Julai 1964 waasi wa Simba wakauteka mji, na mapema Novemba ya mwaka huo huo ukatwaliwa tena kwa silaha. Katika hali kama hiyo hakuna anayeuliza habari za ukingo wa greda.

Serikali ya Mobutu iliunda mwaka 1971 Ofisi ya Barabara, ambayo ilikabidhiwa njia za maslahi ya taifa zima, takriban kilomita 58,000; ni mzigo ambao hata nchi tajiri ingeutazama mara mbili. Kwa miaka michache palikuwa na fedha ya shaba. Bei ya shaba ikaanguka katikati ya miaka ya 70, mafuta yakapanda, biashara za wageni zikagawiwa watu wasiozijua, na vipuri vikakosekana. Palikuwapo pia Salongo, siku ya kazi ya umma, iliyohimizwa kwa ngoma na nyimbo za chama tawala: jembe likatoka tena, na kapita akatoka tena, akiwa na beji ya chama kifuani. Wazee waliokuwa vijana wakati wa siku 120 hawakuhitaji kuelezwa.

Vita vilivyoanza Agosti 1998 vilifika Kindu mwezi wa Oktoba, na treni ikakoma kuja, mji ukawa kisiwa katika bara. Hapo ikaonekana ajabu moja. Bidhaa hazikukoma kabisa. Vijana walizipakia baiskeli chumvi, sabuni, mafuta ya mawese, nguo, wakazisukuma kwa mguu mamia ya kilomita katika barabara zilizokuwa zimefunikwa na miti, fimbo imefungwa usukani na nyingine nyuma ya tandiko ili kuishika mizani. Na kwa kuwa baiskeli ina mfuo mmoja tu, barabara iliyokuwa imepanuliwa kwa malori ya pamba ilijikunja siku kwa siku, ikarudi kuwa kijia cha upana wa mtu mmoja, safi katikati, nyasi za kimo cha kichwa kulia na kushoto. Waungwana wa Nyangwe wangeitambua.

Garimoshi lilirudi mwaka 2004. Mwaka 2008 uliundwa kwa sheria Mfuko wa Taifa wa Utunzaji wa Barabara, unaokusanya fedha kutokana na mafuta ya magari na ushuru wa njiani. Na miradi ya kufungua barabara ilileta pamoja na makatapila yake kitu ambacho wahandisi hukisifu kama uvumbuzi, nacho ni vikundi vya wenyeji, kila kimoja na kipande chake, kwa jembe, sepetu na kikapu, wakizibua mifereji na kuziba mashimo. Safari hii kuna ijara, pale ijara inapofika. Kuna mkataba, na wanawake huandikwa vilevile. Tofauti hiyo ni kubwa, wala sitaki nionekane naidharau. Hata hivyo nimsikiapo mgeni akieleza kwa furaha kwamba njia ya udongo hutunzwa vyema zaidi na mtu mwenye jembe anayekaa kando yake kuliko na mashine inayopita mara moja kwa miaka miwili, hukumbuka kwamba maneno hayo yangeweza kusemwa na bwana mkubwa wa mwaka 1935, na kwa kadiri ya udongo na maji yangekuwa kweli vilevile.

Baina ya jembe na greda kubwa ya serikali ipo nafasi ambayo katika Maniema imebaki karibu tupu, nayo ni ya trekta dogo lenye bamba lake, mali ya chama cha wakulima, au ya parokia, au ya mfanyabiashara wa mpunga ambaye magunia yake yamekwama. Greda kubwa huja kwa idhini ya mbali na huvuka mto kwa pantoni, pantoni ikiwa nzima. Trekta dogo hukaa pale pale. Haliwezi kufungua msitu, wala lisijaribu. Laweza kurudisha mgongo wa kilomita kumi kabla haujapotea. Mwenye kulitaka na ahakikishe kwanza kwamba jozi mbili za ukanda wa ukingo na bolti zake zimekuja katika sanduku lile lile na trekta, maana Belbase haipo tena.

Na awe tayari katika siku za mwisho wa Mei. Juni, Julai na Agosti ni miezi mikavu ya Kindu, na wasiojua husema huo ndio wakati wa kulima barabara. Lakini udongo mwekundu ukikauka huwa kama tofali, bamba huruka juu yake au huukwangua vumbi linalopeperuka hadi mtoni, na ukilowa kupita kiasi hunata na kufuata bamba kama ugali ufuatavyo mwiko. Kati ya mvua ya mwisho na ukavu kuna siku chache, pengine kumi, pengine kumi na tano, ambazo udongo hukatika vizuri, hukubali kusukumwa, na ukipitiwa na magurudumu hushika. Makantonye walizijua siku hizo kwa kuuminya udongo kiganjani na kuutazama kama umebaki na alama za vidole.